Kukohoa Mulangoni kwa Bitondo

Siku tulipomulaza dada yangu Anjelina ndani ya sanduku, kule Bweremana, chumbani tulikuwa hawa: mimi Feza, mudogo wake, tumbo moja, Sifa, binti yake wa kwanza, njo aliyemutunza katika ugonjwa, Vumilia, bibi ya kaka mukubwa wa bwana yake, sasa ni muzee aliyepinda kama mundu, alitoka njia ya Pinga juu ya pikipiki na hakuna aliyeamini kwamba atafika na mifupa yote, na Mama Esperansi, jirani, aliyeleta shuka nyeupe. Inje, chini ya turubai, katikati ya wanaume, alikuwa Kubuya, bwana ya marehemu. Papa Lukamba, baba ya Kubuya, na Mama Sikujuwa, mama yake, hawakuwako. Wao walikwisha kulala zamani katika udongo wa kwao. Lakini siku ile niliwaona kuliko nilivyowaona wale walio hai. Ninawataja wote mapema kwa sababu kila mumoja ataingia katika maneno haya, isipokuwa Mama Esperansi, ambaye nimemutaja kwa shukrani ya shuka.

Tulikuwa tumekwisha kumuvalisha, na Vumilia akaniangalia juu ya mwili wa dada yangu, akasema pole pole, "Feza, unakumbuka kile kikohozi?" Basi nikacheka. Nikaweka mukono kwenye mudomo lakini kicheko kilikwisha kutoka, na Vumilia naye akacheka na meno yake mawili, mpaka Sifa akakasirika. "Mama zangu, munachekea nini mbele ya mama yangu?" Sikuweza kumujibu palepale. Njo ninamujibu sasa. Shule yangu iliishia kwenye katekisimu, kwa hiyo musinitafutie makosa ya herufi. Makosa ya mambo, hayo munitafutie.

Ilikuwa mbele ya uhuru, miaka saba ao munane mbele, wakati Kubuya alikuwa amemaliza kazi kwenye shamba la pareto ya Muzungu, huku kwetu Karuba, na akamuoa Anjelina, na akataka kumupeleka kwao, Walikale, ndani ya pori, mwendo wa kutosha kutoka Pinga. Kwetu bibi arusi anayeenda mbali hapelekwi peke yake kama furushi. Anaenda na mudogo wake, wa kumutekea maji na wa kumusikiliza akilia, mpaka siku atakapopata moto wake mwenyewe. Mudogo huyo nilikuwa mimi. Nilikuwa nimeanza tu kufunga kitambaa kichwani. Nilifikiri tutakaa mpaka maharagi yaive. Tulikaa mwaka muzima.

Muntu wa milima akiingia pori, kitu cha kwanza anapoteza ni mbali. Kwetu unasimama mulangoni unaona ng'ombe za jirani kwenye kilima kingine, unajua na jina la yule anayezichunga. Kule, mbali ilikuwa imekatwa. Kulikuwa majani, na nyuma ya majani, majani. Nyumba ya Papa Lukamba ilikuwa ya udongo na majani ya pori juu, na jiko la Mama Sikujuwa lilikuwa pembeni, nyumba yake peke yake, ya chini, nyeusi ndani kama tumbo la chungu. Juu ya moto kulikuwa uchaga, na juu ya uchaga kila kitu kilichokuwa na maana katika mji ule: samaki za mutoni zilizokauka, mbegu za mahindi, nyavu, na kapitula, suruali fupi ya Papa Lukamba ya kuwindia, imeshika moshi miaka mingi mpaka ikawa ngumu, ukiiweka chini inasimama yenyewe. Tulikuwa tunakula bugali ya ndizi na sombe, majani ya muhogo, ya mawese, na uyoga wakati wa mvua. Mara ya kwanza Anjelina alilia juu ya mashanza, yale maziwa ya kuganda ya kwetu. Mara ya pili alilia juu ya viazi. Kisha akazoea, ao akajificha vizuri zaidi.

Jambo ambalo hatukulizoea lilikuwa miguu yao. Katika milima ya Masisi ukungu unashuka asubuhi mpaka hauoni mukono wako, na muntu anayekuja bila sauti anashitua ng'ombe, anashitua wenye nyumba, na watu wanaanza kujiuliza anatafuta nini. Mwizi njo anakuja kimya. Mulozi njo anakuja kimya. Muntu muzuri anakohoa. Akifika kwenye ua anaweka ngumi mudomoni, anainama kidogo, anakohoa kikohozi kidogo kisicho cha ugonjwa, na anangojea. Mutoto anafundishwa hiyo mbele ya kufundishwa baba yetu uliye mbinguni. Lakini watu wa pori wanakuja kama moshi. Siku moja tulikuwa tunamenya ndizi, mimi na Anjelina, tunasema kwa Kihunde kwamba mama mukwe anatia chumvi sawa vile anainunua kwa machozi. Nikainua macho. Mama Sikujuwa alikuwa nyuma yetu, na kikapu mugongoni.

"Mama, umetushitua!" Anjelina akasema.

"Nimewashitua na nini? Nimekuja na miguu yangu."

"Kwetu muntu akikaribia anakohoa."

"Anakohoa?" Akashusha kikapu. "Kwenu wote munaugua?"

Kihunde chetu na Kinyanga chao hazipitani mbali sana. Sikujua alisikia ngapi. Jioni ile chumvi ilizidi katika sombe, tukala kimya.

Sasa nieleze neno la moto, kwa sababu njo lilikuwa roho ya mwaka ule wote. Katika ukoo ule bibi arusi hakupewa jiko kwa sababu tu ameolewa. Alipika kwenye moto wa mama mukwe, na chumvi ya mama mukwe, na ruhusa ya mama mukwe, mpaka siku bwana yake atakapomupeleka kwenye mahali pa kuwindia pa ukoo. Yeye akae nyuma ya bwana. Bwana aue nyama. Kisha waende naye nyumbani, waweke mawe matatu mapya, na bibi arusi apikie baba mukwe ini juu ya mawe hayo. Siku hiyo njo anakuwa mwenye nyumba. Na kama nyama inakataa, mwezi baada ya mwezi, wazee wanakaa na kuuliza kama miguu ya mugeni inapendana na pori lao. Hawakuwa wanapiga kelele juu ya hiyo. Wangetufungia chakula kizuri cha njia na kuturudisha Karuba, mimi na yeye, na Karuba yote ingejua kwa sababu gani. Anjelina alimupenda Kubuya. Sikuwa najua bado ni nini, lakini niliiona: akisikia sauti yake, mikono yake inasahau kazi.

Kubuya hakuweza kumupeleka, kwa maana ilikuwa lazima kwanza yeye mwenyewe aende peke yake kuchungulia, aone nyama inakuja pale na inakaa. Alienda. Anarudi na mukuki mukavu. Anaenda tena. "Alama za miguu ziko," alikuwa anasema, "za leo leo. Lakini wenyewe wananisikia mbele." Baba yake alikuwa anamuangalia bila neno. Vumilia yeye hakuwa na neno moja tu, alikuwa na kikapu kizima cha maneno. Yeye alipata moto wake mwezi wa kwanza wa ndoa, na hakuna muntu wa mutaa ule ambaye hakuijua. Alikuwa anapita mbele ya jiko, mutoto mugongoni, anaita: "Weye Anjelina wa Karuba, bado unaazima moto? Nikupe kaa moja la kwangu?" Na mumbwa wa nyumba, jina lake Watasema, alikuwa anamufuata nyuma. Mimi niliona kwamba jina hilo lilimufaa Vumilia zaidi.

Wakati wa uyoga Papa Lukamba alianza kunichukua nimubebee kikapu, kwa sababu muguu wake mumoja ulikuwa umeanza kumukatalia. Hakusema atanifundisha kitu. Siku ya kwanza alisimama, akageuka, akaniangalia miguu kwa muda murefu. "Mutoto, unatembea sawa vile muntu anahesabu: moja, mbili, tatu, ine. Nyama hahesabu. Anatembea, anasimama. Anakula, anasimama. Anakumbuka kitu, anasimama. Ukisikia pori kitu kinakuja moja-mbili-moja-mbili, unajua ni muntu, na wao pia wanajua." Basi nikaanza kutembea kama mwenye kusahau na kukumbuka. Alinionyesha kuweka kwanza upande wa inje wa muguu, kuuliza ardhi, kisha kuweka uzito. Tawi likiwa mbele, usilisukume: uinamie, ao ulishike ulirudishe polepole kama unamurudisha mutoto kwenye kitanda. Kwenye kiuno alikuwa na kafuko kadogo ka nguo kenye majivu laini. Alikuwa anakapiga na kidole, majivu yanatoka, anaangalia yanaenda wapi. Kama upepo ulikuwa unaenda mbele yetu alikuwa anaacha njia kabisa, tunazunguka mbali, tunapita ndani ya maji ya mutoni, tunatokea upande mwingine. "Mahali hapaendewi," alikuwa anasema. "Panazungukwa."

Siku moja tulizunguka vile mpaka tukafika mahali miti miwili imeinamiana juu, inagusana vichwa. Akaniwekea mukono begani. Akasema na mudomo tu, karibu bila sauti, "Hapa ni kwa baba yangu, Bitondo. Huu njo mulango." Nyuma ya miti ile kulikuwa shamba la zamani lililorudi kuwa kichaka, majani laini, matunda yameanguka, na mbele yake muti mukubwa ulioanguka, mugongo wake umelainika na kung'aa kwa kukaliwa. Bitondo njo alilima pale, na akawindia pale, na watoto wake nyuma yake. Kisha muzee akaelekeza kidevu. Nilitafuta sana. Nilikuwa naangalia mwanga wa jua kwenye majani, vidoa vyeupe, na vidoa vile vikatikisa sikio. Mbawala. Paa wa pori, mwekundu kama udongo wa njia, mistari myeupe ubavuni. Alikuwa anatafuna bila haraka, kama muntu aliye kwake. Tulimuangalia, tukarudi nyuma namna tulivyokuja, na muzee hakusema kitu mpaka mutoni. Pale akasema, "Umeona? Nyama iko. Mutoto wangu njo hayuko." Sikumuelewa.

Tangu siku zile miguu yangu ilibadilika hata nyumbani. Na hapa njo ninakaa sana kufikiri, mimi muzee, nikiwa peke yangu. Nilifikiri nimejifunza kukaribia nyama. Kumbe nilikuwa nimejifunza kukaribia maneno. Mutoto anayekohoa anasikia katika maisha yake yale tu ambayo watu wanataka asikie. Mimi, nilipoacha kukohoa, nilikuta nyumba imejaa maneno ambayo hayakuwa yangu. Nilisikia Vumilia analia peke yake nyuma ya jiko lake, yule Vumilia wa masimango, anamuambia mutoto wake kwamba baba yao hamuangalii tena. Nilisikia Mama Sikujuwa anaomba kwa Mungu, anataja kila muntu wa nyumba, na alipofika kwa "mugeni" akanyamaza kidogo, sikujua ni kwa kutafuta neno zuri ao kwa kulikosa. Nilianza kubeba vitu hivyo tumboni kama muntu aliyekula sana usiku.

Halafu, siku moja ya mvua, nilikuwa narudi na kuni, jani la ndizi juu ya kichwa. Katika jiko kulikuwa Papa Lukamba na Kubuya, wawili tu, wanakausha miguu. Nilisimama chini ya majani ya paa, mahali mvua inatiririka.

"Unanukia misa," muzee akasema.

Kubuya alisogeza miguu karibu na moto.

"Ninakuambia wewe. Hii kapitula yako inanukia sabuni. Muntu wa Pinga anaweza kusikia harufu yako. Na imepigwa pasi! Ukitembea inasema shwa, shwa, shwa, kama karani. Nilikuambia nguo ya kuwinda inakaa kwenye moshi, haioni maji. Nani anaifula?"

"Bibi yangu."

"Basi mwambie aache."

Nilisikia moto unapasuka. Kisha Kubuya, polepole: "Papa, kila nikirudi mikono mitupu, anaichukua kutoka kwangu mbele sijakaa. Anaenda nayo mutoni na ile sabuni aliyotoka nayo kwao, anaikata vipande vidogo isiishe. Anaisugua mpaka inang'aa. Anapiga pasi na makaa. Anaona njo anaweza kunisaidia na hiyo. Nikimuambia kwamba hiyo njo inafukuza nyama, atasikia nini? Na mama akisikia? Watasema ni kweli, mugeni njo aliharibu."

"Kwa hiyo uache waseme kwamba wewe haujui kuwinda."

"Waseme."

"Mbele ya kaka yako. Mbele ya Vumilia."

"Papa, waseme."

Muzee alisukuma ukuni ndani ya moto. Kisha akasema tu, "Basi uende uchi," na wakacheka wote wawili, chini chini, namna watu wa pori wanacheka, mabega tu.

Nilikaa na maneno yale mpaka kesho yake mutoni. Anjelina alikuwa amepiga magoti kwenye jiwe, kapitula mikononi, povu mpaka kwenye viwiko. Alikuwa anaimba. Nikamuambia yote, kama nilivyoyaandika hapa. Aliacha kuimba. Aliangalia povu linavyoenda na maji, linazunguka jiwe, linapotea.

"Na yeye alijua?"

"Alijua."

"Tangu lini?"

"Mi nafikiri tangu mwanzo."

Nilingojea alie. Nilikuwa tayari, kazi yangu ilikuwa hiyo. Lakini aliweka kile kipande cha sabuni juu ya jiwe, akajifunika uso na ile kapitula yenye maji, akakaa vile. Alipotoa uso alikuwa na sura ambayo sikuwahi kuiona kwake. Akasema, "Feza, mimi nilikuwa naogopa watanirudisha. Sasa naogopa zaidi." Miaka mingi sikuelewa neno lile. Nilikuja kulielewa nilipokuwa na muntu wangu wa kupoteza.

Jioni ile hakuipiga pasi. Aliisugua na majivu, aliikanyaga na muguu ikunjamane, na akaenda mbele ya kila muntu kuisukuma juu ya uchaga, katikati ya samaki. Mama Sikujuwa alikuwa anakoroga bugali. Aliangalia kapitula. Aliangalia Anjelina. Kisha akanyosha mukono, akasogeza samaki kidogo, nguo ipate nafasi.

Moshi ulifanya kazi yake. Kubuya alienda kuchungulia, akarudi na macho mengine: ameona dume, mara mbili, pahali palepale. Basi siku ikapangwa. Asubuhi ile tulijipaka majani ya pori tuliyoyafikicha na mikono. Hatukuoga na kitu kingine. Anjelina alivua bangili. Medali yake ya Bikira aliikunja ndani ya kitambaa isilie. Watasema alifungwa kwenye nguzo, akatulaumu kwa sauti kubwa. Papa Lukamba alisimama na fimbo yake, muguu ulikuwa umemukatalia kabisa, na akamuambia Anjelina, "Mwanangu, unaenda kwa baba yangu. Hakukuona. Basi leo atakuona." Mama Sikujuwa alikuwa ameketi mulangoni kwa jiko anachagua uyoga, na hakuinua kichwa, lakini niliona anachagua uleule mumoja tena na tena.

Tulienda watatu, Kubuya mbele, dada yangu, mimi nyuma. Na dada yangu alitembea vizuri! Nilimufundisha mimi mwenyewe katika njia ya maji, na alikuwa anatembea kama mwenye kusahau na kukumbuka, anauliza ardhi, anainamia matawi. Kubuya alipiga kafuko ka majivu, upepo ulikuwa unatujia usoni. Tukazunguka, tukapita mutoni, maji ya baridi mpaka magotini, hakuna jiwe lililosema. Ninakumbuka harufu ya matunda yaliyooza, na shingo ya dada yangu mbele yangu, jasho linatelemka polepole. Tukafika kwenye miti miwili inayogusana vichwa. Kubuya akasimama. Dume alikuwa kule, pembe zimejipinda kidogo, kichwa chini, ubavu wote kwetu. Sijapata tena kuona kitu kimetulia hivyo. Kubuya akageuka kwa bibi yake, uso wake una furaha ya mutoto, na akasema na mudomo tu, "Kwa Bitondo." Kisha akainua mukuki.

Na Anjelina akaweka ngumi mudomoni, akainama kidogo, akakohoa.

Kikohozi kidogo, kisicho cha ugonjwa. Kama tunavyokohoa kwetu tukifika uani kwa babu.

Mbawala alibweka mara moja, kama mumbwa muzee, tukaona mukia mweupe, kisha majani yanarudiana. Ndege walinyamaza. Nilimuangalia dada yangu na nikaona kwamba yeye mwenyewe hakujua amefanya nini mpaka ilipokwisha, ngumi ilikuwa bado kwenye mudomo, haina pa kwenda. Kubuya alishusha mukuki polepole, kama unaweza kuvunjika. Nilingojea apige kelele. Hakupiga. Alienda kwenye muti wa Bitondo, akakaa, akaweka mukuki chini.

"Nani ulikuwa unamupigia hodi?" akauliza.

"Babu yako," dada akasema. "Ulisema ni kwake. Huu ni mulango. Nilifika kwa muzee ambaye hajapata kuniona."

Kubuya aliangalia ule muti uliolainika, akaangalia miti miwili, na mabega yake yakaanza kutikisika. Alicheka mpaka machozi, bila sauti hata moja. Kisha akajisogeza pembeni. "Kuya ukae. Iko nafasi." Wakakaa pale wawili, na mimi nikabaki mulangoni, nikiangalia mahali nyama alikuwa.

Kurudi njo kulikuwa na uzito. Jikoni walikuwa wote wanangojea: Mama Sikujuwa, Papa Lukamba, Vumilia na mutoto wake. Mawe matatu mapya yalikuwa pembeni ya ukuta, yameoshwa. Vumilia aliona mukuki kwanza. "Heeh! Mawe yamepona. Leo tena yatalala njaa."

"Nimekohoa," Kubuya akasema.

"Weye?" Vumilia akacheka. "Tangu nikuje katika nyumba hii, hata ukiugua kifua haukohoaka."

"Leo nimekohoa. Nyama alikuwa pale, mimi njo nimemufukuza. Kosa iko yangu."

Papa Lukamba aliinamisha uso, kwa sababu alijua mutoto wake. Jambo lingeishia hapo, na wazee wangekaa, na sisi tungefungiwa chakula cha njia. Lakini Anjelina alipiga magoti mbele ya baba mukwe. "Papa, anasema bongo, anadanganya. Ni mimi. Asubuhi uliniambia naenda kwa baba yako. Kwetu muntu haingii kwa muzee kama mwizi. Nilikohoa. Kama ni kunirudisha, munirudishe kwa kosa langu, si kwa kosa lake. Kapitula pia ilikuwa kosa langu, na aliibeba. Siwezi kumuachia na hii."

Mvua haikuwako, lakini nilikuwa nasikia kitu kama mvua, ilikuwa damu yangu katika masikio. Mama Sikujuwa akasimama. Alikuja kama moshi, kama kawaida yake, akapita katikati yetu, akainama kwenye ukuta, akachukua jiwe la kwanza na mikono miwili, akaliweka chini katikati ya jiko, mbele ya magoti ya Anjelina. Akarudi kuchukua la pili.

"Mama," Vumilia akasema, "ini iko wapi?"

"Ini itakuja. Mbawala hazijakwisha porini." Akaweka la pili. Kisha akaangalia mumewe. "Sisi wote tunaingia kwa Bitondo kimya, tangu amekufa, na tunabeba vitu vyake. Nani alimusalimiaka?" Akaweka la tatu, akalisukuma na kisigino likae vizuri. "Muntu anayekohoa mulangoni kwa wafu," akasema, "hatakuja kusikiliza mulangoni kwangu." Aliposema hivyo hakumuangalia Anjelina. Alikuwa ananiangalia mimi.

Tangu siku ile nilikohoa tena, hata nikienda kuchota maji.

Ini ilikuja, mwezi mwingine, wakati maharagi ya kwetu yalikuwa yamekwisha kuvunwa bila mimi. Papa Lukamba aliilalamikia kwamba imeiva sana, na akaila yote. Vumilia alimuita Kubuya "Bwana Kikohozi" miaka na miaka, na siku bwana yake alipomuacha kweli, moto aliokuja kuotea ulikuwa wa Anjelina. Mimi nilirudi Karuba. Vita ya nyuma iliwatoa Anjelina na Kubuya porini, ikawatupa Bweremana, kando ya maji, mahali hakuna mbawala wala ukungu, na nafikiri hakuna aliyebaki wa kujua kwamba mawe ya jiko la Anjelina yalibebwa njia ile yote na pikipiki, yakifungwa kwenye gunia kama vichwa vya watu.

Sasa nimujibu Sifa. Siku ile, tulipokwisha kumuvalisha mama yako, tulikuwa tunasemezana juu ya baba yako. Vumilia alikuwa anasema, "Yule muzee asiletwe ndani, ataanguka, tufunge tu sanduku." Mimi nilikuwa nasema labda ni kweli. Wewe ulikuwa unalia. Baba yako, unamujua, maisha yake yote aliingia katika nyumba kama moshi, na mama yako alimusimangia hiyo mpaka uzee. Ulisikia nini mulangoni? Sauti ndogo, kavu, isiyo ya ugonjwa. Tukanyamaza, tukaficha maneno yetu. Nilipogeuka alikuwa amesimama pale, kofia kifuani, ngumi kwenye mudomo, ameinama kidogo kuelekea kwa mama yako, anangojea ruhusa. Hapo njo Vumilia aliniuliza juu ya kikohozi, tukacheka. Kisha nikamuambia baba yako, "Ingia, shemeki. Iko nafasi."

Yote haya nimeyatoa kichwani, na kichwa cha muzee kinasahau na kukumbuka, kama miguu niliyofundishwa. Labda si mbawala, ilikuwa paa mwingine, mboloko mukubwa. Labda Papa Lukamba alisema maneno yale ya misa siku nyingine. Vumilia anadai kwamba jiwe la tatu alilileta yeye. Kama kuna mutoto wa upande wa Pinga aliyesikia kwa wazee wake namna nyingine, akuje Karuba anirekebishe, nitafurahi, na nitamupikia viazi. Ila akifika uani, akohoe.